Mume Mwema wa Ngana

Nilimwahidi mjane mmoja wa Ngana kwamba katika wimbo wa mazishi ya mumewe sitatamka kuwa marehemu alikuwa mume mwema. Hakuniomba zaidi ya hapo. Hakutaka nimtukane marehemu, wala nimfichue mbele ya ukoo wake, wala niwazuie kulia waliotaka kulia. Alitaka ninyamaze mahali pamoja tu, nami nikasema, ndiyo, mama, nimekuahidi, mkono wangu wa kulia ukiwa kifuani kama mtu anayekula kiapo mbele ya hakimu. Hiyo ilikuwa asubuhi. Alasiri ya siku iyo hiyo niliivunja ahadi hiyo mbele ya umati, kwa sauti yangu yote, kupitia spika nne.

Ninatoka katika nyumba ya muziki, huko Ipyana, wilayani Kyela. Babu alipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, kwa sababu vingine vilikuwa vimekakamaa kwa miaka mingi ya kushika jembe la mpunga. Shangazi zangu wawili waliongoza kwaya. Baba alipiga rithimu na baba mdogo akapiga besi. Mama, ambaye hakuzaliwa katika ukoo huo, alikuwa akituita kula kwa kugonga sufuria na mwiko, nasi kabla ya kunawa tulibishana kwanza iwapo sufuria ile ililia katika sauti ya juu au ya chini. Alituona wendawazimu, na sidhani kama alikosea.

Kazi iliyotupa jina ilikuwa nyimbo za misiba. Wanamuziki wengine walikuja kupiga walichokijua. Sisi tulimtungia kila marehemu wimbo wake, ukaimbwa siku ya kumzika na katika matanga yake, kisha ukaachwa. Babu alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja hata siku moja. Alipofika msibani hakukaa turubaini pamoja na wanaume. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaomba kigoda, akakaa jikoni katikati ya wanawake wanaomenya ndizi, na kuwauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Alisema kwamba turubaini watu huongea wakiwa wamevaa viatu. Akitoka huko, macho yamewiva kwa moshi, alikuwa na wimbo.

Na kila wimbo wake ulikuwa na ubeti mmoja wa kasoro. Namkumbuka mzee mmoja wa jirani aliyekuwa na tabia ya kuazima majembe asiyarudishe. Siku ya mazishi yake babu alisimama kando ya kaburi, akamwimbia: mzee, kabla hatujakufukia, tuambie, jembe la shemeji yako uliliweka wapi? Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na katikati ya kicheko kile ndipo wanawe walipolia kwa dhati, kwa sababu sasa aliyekuwa anazikwa alikuwa baba yao hasa. Babu alisema marehemu akisifiwa tupu hawezi kujitambua, atadhani anazikwa jirani.

Babu alifariki nikiwa sekondari. Baba naye vidole vilianza kufa ganzi, na bendi ikawa mikononi mwa baba mdogo. Mimi nilikwenda chuo kusomea muziki, na karatasi yangu ya kuhitimu niliiandika kuhusu ubeti wa kasoro. Mwalimu wangu aliusifu, akauita hazina. Nilirudi Kyela nikiwa nimejaa neno hilo kama gunia.

Nilichokikuta kilinitia kinyaa. Nyimbo za kutungwa hazikuwapo tena. Palikuwa na wimbo mmoja uliokwisha kutengenezwa, wenye nafasi ya kuchomeka jina, na kila marehemu aliupata huo huo, mlevi na mcha Mungu, mkunga na mwizi wa kuku. Palikuwa na fulana zenye sura ya marehemu akitabasamu, na mshereheshaji aliyewahimiza waombolezaji wapaze sauti kwa sababu upande wa kushoto hausikiki vizuri kwenye video. Nilimwona kwa macho yangu akimwomba binti wa marehemu arudie kuanguka, kwa kuwa mara ya kwanza mpiga picha alikuwa anabadilisha betri. Binti yule alirudia.

Nilimkabili baba mdogo siku ileile, tukiwa tunakunja nyaya.

"Baba mdogo, ubeti wa kasoro uko wapi?"

"Nilimzika nao babu yako. Hukuuona? Ulikuwa miguuni pake."

"Mwalimu wangu chuoni alisema kwamba ule ubeti ndio..."

"Huyo mwalimu wako, alikuja lini kulia Ipyana?"

Wenzake wakacheka. Aliponiona nimenuna, alinipiga begani, akasema: "Haya, msomi. Msiba ujao ni wako. Utunge, uongoze. Nenda kakae jikoni upate moshi."

Msiba uliofuata ulikuwa wa Ngana. Marehemu alikuwa mnunuzi wa kakao na mzee wa kanisa, mtu mrefu aliyejulikana kuanzia mizani ya kijijini hadi ng'ambo ya mto, upande wa Malawi, alikokuwa na ndugu na wateja. Tulifika mapema. Wenzangu walianza kufunga spika. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, gitaa mgongoni, moyo ukinidunda kwa fahari ya mtu anayedhani anairudisha nyumba ya babu yake katika njia iliyonyooka.

Jikoni wanawake walikuwa wakimenya ndizi mbichi, vidole vyao vikiwa vyeusi kwa utomvu. Mmoja wao, mwanamke mfupi mwenye sauti kali, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"We kijana wa gitaa, unatafuta nini huku? Nyama haijaiva."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuuliza habari za marehemu, ili nimtungie wimbo."

"Marahaba. Habari zake si ziko kwenye fulana?"

Kicheko cha chinichini kikapita. Mwanamke yule alifuta mikono yake kwa kanga, akasema yeye ni dada wa mjane, ametoka Ikombe, kule kando ya ziwa ambako wanawake hufinyanga vyungu. Kisha akasema, "Njoo umuulize mwenyewe."

Mjane alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba cha ndani. Dada yake aliwaomba wengine watupishe kidogo. Nilimweleza nilichokuja kutafuta, kwa maneno mengi ya chuoni ambayo leo nayaonea haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa mkono wake wa kulia chini ya kitenge, akauweka juu ya mkeka baina yetu, kama mtu anavyoweka kitu mezani ili kitazamwe. Vidole vitatu vilikuwa vimepinda kuelekea kiganjani na havikunyooka.

"Nilipeleka vyungu Matema kuviuza bila kumuaga," alisema. "Niliporudi alikuwa ameshika mchi wa kinu. Tangu hapo udongo haunitii."

Sikujua pa kutazama. Nikauliza, "Mama, sasa niimbe nini?"

"Imba kwamba alinunua kakao ya watu wengi. Ni kweli. Imba kwamba alijenga nyumba nzuri. Ni kweli, umo ndani yake. Imba kwamba alikuwa mrefu."

"Na viatu vyake vikubwa," dada yake akadakia kutoka mlangoni.

"Nyamaza, wewe." Lakini alikuwa ametabasamu. Kisha akaniambia, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Ila usiseme alikuwa mume mwema. Maneno mengine yote nitayavumilia. Watoto na wajukuu wangu watakuwa wamesimama pale wanasikia. Hapo nyamaza, mwanangu."

Nikaahidi.

Nilikaa nyuma ya zizi, nikatunga. Lazima nieleze jambo la ufundi hapa, kwa sababu dhambi yangu ilipitia mlango wa ufundi. Huku kwetu sifa za mwanamume msibani huimbwa nne, kwa kupokezana: kiongozi huita, watu huitikia. Mzazi, mkulima, muumini, mume. Masikio ya watu yamezoea nne kama miguu inavyozoea ngazi za nyumba. Mimi nikaweka tatu. Mahali pa sifa ya nne nikaacha pengo, na katika pengo hilo gitaa langu lingepiga peke yake, nyuzi mbili za juu, polepole. Nilijiona nimetenda jambo la hekima: nimetimiza ahadi na bado mdundo haujavunjika. Tena nikatunga ubeti wa kasoro, kwa heshima ya babu. Niliimba kwamba marehemu alikuwa na sala ndefu kanisani hata ugali ukapoa nyumbani. Hiyo ndiyo kasoro niliyoichagua. Nilikuwa nimetoka kuuona ule mkono, nikaenda kuchagua kasoro itakayowafurahisha watu.

Wimbo ulianza vizuri. Ubeti wa sala ndefu ulipofika, watu waliangua kicheko, na mchungaji mwenyewe akatikisa kichwa. Zikaja sifa. Mzazi, wakaitikia. Mkulima, wakaitikia. Muumini, wakaitikia kwa nguvu zaidi. Kisha gitaa likabaki peke yake, na nikaona nyuso zikigeuka, zikitafuta, kama watu waliopiga hatua kwenye ngazi isiyokuwepo.

Mzunguko wa pili, katika pengo lile, bibi mmoja aliyekuwa karibu na jeneza akaita kwa sauti nyembamba: "Mume!"

Mzunguko wa tatu ulipofika, umati wote ulikuwa unalisubiri pengo. Waliingia kwa pamoja: "Mume mwema!"

Nilipaswa kuondoa vidole kwenye nyuzi. Hicho tu. Sikuhitaji kuhutubia wala kumkana mtu. Gitaa lingenyamaza na wimbo ungekufa palepale, na ningedhaniwa nimekatikiwa na uzi. Baba mdogo aliniinamia, besi ikiwa kifuani, akanena sikioni: "Wape! Wape, usiwaache waelee!"

Nikafungua mdomo. Nikaimba, mume mwema, mume mwema wa Ngana.

Neno likaingia kana kwamba pengo lilichongwa kwa kipimo chake, na kwa kweli lilichongwa kwa kipimo chake, kwa sababu niliyelichonga ni mimi. Umati ukapaa. Wanaume waliokuwa wamekaa turubaini walisimama, wakajifunga vitambaa kiunoni, wakaanza kucheza ule mchezo wa msibani wa kwetu, wakikanyaga ardhi mpaka vumbi likaficha viatu vyao. Nililirudia. Nikalipandisha sauti. Nikalizungushia maneno mapya: asiyeinua sauti, mwenye mkono mpole. Hayo maneno ya mkono hakuna aliyenipa. Yalitoka kinywani mwangu mwenyewe kwa sababu yalikuwa na vina. Nililiimba lile neno kwa muda ambao ungetosha kupika chai, na ukweli ni huu: nilikuwa na raha. Sikuwa nimewahi kupata raha ya namna ile nikiwa na gitaa.

Ndipo walipomtoa mjane nje. Wake za shemeji zake wawili walimshika huku na huku, na mpiga picha akawa anarudi kinyumenyume mbele yao. Mshereheshaji alinyakua kipaza sauti cha pili: "Mama, inua mkono tumuage baba! Mkono juu, mama!"

Hakuinua. Mmoja wa wale wanawake akamwinulia. Ule mkono ukatoka chini ya kitenge, ukawa juu hewani mbele ya watu wote, vidole vimejikunja, nami nikiwa hatua chache kutoka hapo naimba mwenye mkono mpole. Alinitazama. Sikuona hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyedhani unamfahamu, akageuka, kumbe ni mwingine. Niliendelea mpaka kiitikio kikaisha, kwa sababu wimbo haukatizwi katikati ya kiitikio. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Baada ya mazishi kaka wa marehemu alinikumbatia mpaka gitaa likalia, akinishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga, msomi! Ndaga fijo! Umetuzikia!" Baba mdogo akanong'ona, "Kumbe chuo kilikufunza kitu." Nililetewa sahani ya wali na nyama, ya kwanza kabla ya wote, nikala. Ningependa kuandika kwamba chakula kilinikwama kooni. Hakikukwama. Nilikula, nikaongezwa, nikala tena.

Video ilisambaa kabla hata ya matanga. Wiki chache baadaye waendesha bodaboda walikuwa wakiupiga wimbo ule kituoni, wauza usipa, wale dagaa wa ziwani, wakaupiga sokoni, na wafanyabiashara wakauvusha mto mpaka Karonga, ambako niliambiwa unaimbwa na watu wasioijua Ngana iko wapi. Nikajulikana. Waliokuwa wakimwita baba mdogo wakaanza kuniita mimi, na hawakuniita nitunge. Waliniita nipige "ule wa Ngana". Nikaupiga. Niliupiga kwa wanaume niliowafahamu na nisiowafahamu, nikibadilisha jina la kijiji tu. Mimi, mwenye karatasi ya ubeti wa kasoro, nikawa na wimbo mmoja wenye nafasi ya kuchomeka jina, na jikoni sikwenda tena. Niliona aibu, lakini niliibeba kama mtu anavyobeba jino bovu, akitafunia upande mwingine. Harusini pia waliutaka, nikaupiga, maharusi wakakata keki.

Kilichonikatisha kilitokea sebuleni kwa shangazi yangu. Binti yake alikuwa amerudi nyumbani akiwa na mdomo uliovimba, na wazee wawili wa upande wa mumewe walikuja kumchukua. Walizungumza kwa upole mwingi. Mmoja wao, mtu mcheshi, aliniona nimekaa pembeni, akaninyooshea kidole na kumwambia binamu yangu, "Mvumilie, mwanangu. Atatulia. Mbona yule wa Ngana alitulia, mpaka kaimbwa na ndugu yako huyu?" Kisha akauvumisha puani, mume mwema, akitikisa kichwa, na watu wakacheka, shangazi naye akacheka kidogo kwa adabu. Binamu yangu hakucheka. Aliingia ndani kuchukua begi lake. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikaa kimya, mimi ambaye siku nilipotakiwa kunyamaza sikuweza.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Matema, nikapanda mtumbwi kuelekea Ikombe, kwa sababu nilisikia mjane amerudi kwao. Mpiga kasia alikuwa na simu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilipoita, ulilia wimbo wangu, juu ya maji, huku milima ya Livingstone imesimama mbele yetu. Hakunitambua. Aliniuliza kama naupenda.

Niliwakuta wanawake wameketi kivulini wakifinyanga. Mjane alikuwa anakanyaga udongo kwa miguu, akiulainisha ili dada yake aufinyange. Dada ndiye aliyeniona kwanza.

"Ficheni vyungu, msanii amekuja. Leo umemleta nani tumlilie?"

"Mwache akae," mjane alisema. "Karibu, mwanangu."

Nilimsalimu, nikapiga magoti pale penye tope, nikaanza hotuba niliyoitunga njia nzima. Hakuniacha niimalize.

"Inuka, unaharibu suruali. Nikikusamehe, itanisaidia nini?"

Niliinuka, tope likiwa magotini.

"Siku ya gulio Matema," alisema, "kijana mmoja aliniuliza kama si mimi mke wa yule mume mwema. Nikanyamaza. Akawaita wenzake. Walikuja wengi kuniangalia, wakanunua vyungu vyote vya dada yangu."

"Vyote," dada akasema. "Hata kilichopasuka."

"Mjukuu wangu ana miaka minne. Hamkumbuki babu yake. Sasa anamjua, anamwimba. Jana aliushika huu," akauinua mkono, "akaniuliza umefanya nini. Nikimwambia ukweli, ataniamini mimi au ataamini simu?"

Nikamwambia ningeuzima kama ningeweza, lakini umeshaingia katika simu za watu, sina njia ya kuutoa.

"Si una mdomo? Waambie."

"Nikiwaambia, itabidi niseme habari za mkono."

Alifikiri, miguu yake ikiendelea kukanyaga. Dada yake alikuwa ameacha kufinyanga.

"Jina langu usilitaje," alisema mwishowe. "Wala la watoto. Mkono uutaje."

Nilirudi Ipyana, nikamwambia baba mdogo kwamba sitaupiga tena. Aliniuliza kama najua ni watu wangapi wanautegemea. Sasa anaupiga na kijana mwingine, ambaye nakiri ana sauti nzuri kuliko yangu, nasi tukikutana njiani tunasalimiana kwa heshima, tunapitana. Nilikwenda kwa kaka wa marehemu pia, nikamweleza. Alisema marehemu hasemwi, akafunga mlango. Nimewaeleza watu misibani, mmoja mmoja, na wengi hunijibu kwamba hata kama ni hivyo, wimbo ni mtamu.

Ndiyo, ni mtamu. Nilijitahidi sana uwe mtamu.

Basi wewe unayesoma, kama wimbo huo umo katika simu yako, naomba uufute. Ukiletewa, usiupeleke kwa mwingine. Ukisikia unapigwa msibani, waombe wauzime, na wakikuuliza kwa nini, waambie habari za mkono.